Sanduku la Sauti: Historia ya Amplifaya Iliyotengenezwa kwa Mikono



Katika kurasa zilizotangulia mmesoma habari za waanzilishi wetu, za walimu wa kwaya waliotuongoza na za safari tulizofanya. Kamati ya jubilii imeniomba niandike juu ya kitu ambacho hakimo katika orodha ya wanakwaya, ingawa kimehudhuria ibada nyingi kuliko wengi wetu. Ni lile sanduku la mbao lenye swichi moja na vifundo viwili, ambalo wazee huliita Sanduku la Sauti. Ndiyo amplifaya ya kwanza ya kwaya hii. Haikununuliwa dukani. Ilitengenezwa na mmoja wa wazee wetu wa besi, aliyekuwa fundi wa redio sokoni, na jina lake mtaliona katika orodha ya waliotangulia mbele za haki.

Vijana wengi wameliona sanduku hili stoo na kulidhania takataka. Nimeandika makala hii ili wajue lilitoka wapi.

Wakati wa valvu

Kukuza sauti kwa umeme kulianza kabla ya kwaya yetu kuwapo. Mwaka wa 1906 Mmarekani Lee de Forest alibuni valvu yenye sehemu tatu ndani ya kioo, na kwa miaka 40 iliyofuata, redio na amplifaya karibu zote ziliendeshwa na valvu. Valvu hufanana na balbu ndogo. Ni lazima ipashwe moto kwanza, kama balbu inavyowaka, kisha ipewe umeme wa volti nyingi, mara nyingi mamia. Huvunjika upesi na hula nguvu nyingi.

Kwa kanisa la mashambani lisilo na stima, hiyo ilikuwa sawa na kusema hakuna amplifaya. Kwaya zilitegemea vifua vya waimbaji na kuta za jengo. Ibada ya nje, au mazishi yenye watu wengi, ilimaanisha kwamba waliosimama nyuma waliona midomo ikifunguka, wakasikia kidogo tu.

Desemba 1947

Mabadiliko yalitokea katika maabara ya kampuni ya simu ya Bell, pale Murray Hill, New Jersey, nchini Marekani. Wanafizikia wawili, John Bardeen na Walter Brattain, walichukua kipande cha madini ya jemaniamu. Wakachukua kabari ndogo ya plastiki, wakaizungushia utepe wa dhahabu, wakaukata utepe huo kwa wembe kwenye ncha ya kabari hadi pakawa na ufa mwembamba sana. Kisha wakaikandamiza ncha hiyo juu ya jemaniamu kwa springi. Kwa macho ya mtu wa kawaida, ilikuwa kazi ya fundi wa jua kali.

Tarehe 23 Desemba 1947 waliwaonyesha wakubwa wao. Mtu aliongea kwenye maikrofoni, na kila kifaa kile kilipounganishwa, sauti ilisikika kubwa zaidi. Hapo kuna jambo la kutufurahisha sisi wanakwaya: kazi ya kwanza ambayo transista ilionyesha hadharani mbele ya wakubwa hao ilikuwa kukuza sauti ya mwanadamu. Kompyuta na simu za mkononi zilikuja baadaye.

Mwenzao William Shockley alibuni aina nyingine iliyokuwa imara zaidi, na mwaka wa 1956 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Kampuni iliuza leseni za kutengeneza transista kwa wengine, lakini waliotengeneza vifaa vya kuwasaidia wasiosikia vizuri hawakutozwa mrabaha. Ilifanya hivyo kwa heshima ya Alexander Graham Bell, ambaye kabla ya kujulikana kwa simu alikuwa mwalimu wa viziwi.

Zilizokataliwa

Mwanzoni transista hazikuwa za mtu wa kawaida. Zilikuwa ghali, na nyingi zilizotoka kiwandani zilikuwa na kasoro. Kampuni ya Raytheon, iliyotengeneza transista za vifaa vya kusikia, ilibaki na nyingi zilizoshindwa majaribio. Norman Krim, aliyekuwa mmoja wa wakuu wake, aliona kwamba kitu kisichofaa sikio la mgonjwa chaweza kumfaa anayejifunza. Mwaka wa 1953 zilianza kuuzwa kwa watu wa kawaida kwa jina la CK722, kwa dola 7.60 moja. Miaka michache baadaye bei ilishuka chini ya dola moja.

Vijana wengi wa Marekani walijifunza elektroniki kwa transista hizo. Waliziunganisha mezani, wakaunguza vidole, wakapata sauti yao ya kwanza kwenye spika. Msomaji wa Zaburi atakumbuka habari za jiwe na waashi.

Kutoka hapo ujuzi ulisambaa kupitia magazeti ya mafundi. Mfano unaojulikana sana ni wa Aprili 1969. Katika gazeti la Kiingereza la Wireless World, mhandisi John Linsley Hood alichapisha mchoro wa amplifaya ya wati 10 yenye transista nne tu kwa kila upande. Aliipima kwa kuilinganisha na amplifaya maarufu ya valvu ya D.T.N. Williamson, iliyochapishwa katika gazeti hilohilo mwaka wa 1947. Hakuficha kitu. Thamani ya kila rezista ilikuwa pale ukurasani, na mtu yeyote mwenye chuma cha kulehemu aliweza kuifuata. Hadi leo kuna watu wanaoitengeneza nyumbani.

Sanduku letu linafanyaje kazi

Kwanza tuondoe dhana moja. Amplifaya haiipi sauti nguvu kutoka hewani. Fikiria tangi la maji lililo juu mlimani na bomba lililo chini. Mtoto mdogo akifungua bomba, maji hutoka kwa nguvu nyingi, lakini nguvu hiyo haikutoka mkononi mwake, imetoka tangini. Katika sanduku letu, betri ya gari ndiyo tangi, transista ndiyo bomba, na sauti ya mwimbaji ndiyo mkono wa mtoto. Transista ina miguu mitatu. Mkondo mdogo sana unaoingia mguu mmoja hufungua njia kwa mkondo mkubwa, pengine mara 100, kupita katika miguu mingine miwili.

Maikrofoni hutoa umeme mdogo mno, sehemu chache za elfu moja ya volti. Transista ya kwanza huukuza, ya pili huukuza tena, kisha mbili za mwisho huisukuma spika. Hizi mbili za mwisho hufanya kazi kwa zamu. Wimbi la sauti hupanda na kushuka; moja hubeba sehemu inayopanda, nyingine hubeba inayoshuka.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Transista za silikoni, kama zilizomo sandukuni mwetu, hazifunguki mpaka zipate kama volti 0.6. Kwa hiyo wakati wa kupokezana panakuwa na nafasi ambayo hakuna inayofanya kazi. Kwenye wimbo wa nguvu huwezi kuitambua. Lakini kwaya ikiimba kwa upole, sauti inakwaruza kama mchanga. Dawa yake ni dayodi mbili ndogo zinazoziweka transista zote mbili wazi kidogo muda wote, ili moja isifunge kabla ya nyingine kuanza. Mwalimu wetu wa kwaya hutufundisha jambo lilo hilo katika noti ndefu: msipumue wote kwa pamoja. Mmoja akivuta pumzi, jirani yake anashikilia.

Mtu atauliza, kwa nini mzee wetu hakufuata mchoro kama ule wa Linsley Hood, usio na tatizo la kupokezana? Jibu ni betri. Katika mtindo ule transista hazipumziki kamwe. Kwa spika ya omu 8, amplifaya ile hutumia volti 27 na mkondo wa ampia 1.2, yaani zaidi ya wati 30, hata waimbaji wakiwa kimya. Inayobaki hugeuka joto. Inamfaa mwenye stima ukutani. Kwaya iliyobeba betri kwa baiskeli hadi kituo cha mafuta ikachajiwe ilihitaji amplifaya isiyokula wakati wa mahubiri.

Nguvu yake si kubwa. Kwa betri ya volti 12 na spika ya omu 4, mtindo huu hutoa wati 3 hivi. Ndiyo maana mzee aliiunganisha na spika ya pembe, ile ya bati inayofungwa juu ya mti au paa. Kwa wati ileile, pembe hupeleka sauti mbali kuliko spika ya kawaida. Lakini pembe haipendi sauti za chini. Soprano walisikika hadi barabarani, na wazee wa besi walinung'unika kwamba wao wameachwa kanisani. Aliyelitengeneza akiwa mwenyewe mtu wa besi, alilisikia lalamiko hilo miaka mingi.

Kile kitabu cha kumbukumbu kinasema

Kama katibu ninatunza vitabu vya kumbukumbu za mikutano tangu mwanzo. Nilipovisoma kwa ajili ya jubilii, nililikuta sanduku mara nyingi. Kuna mkutano uliokubali kununua betri kwa harambee. Kuna mwingine ulioazimia kwamba mbao zitatolewa na mshiriki, na transista zitafutwe katika redio mbovu zilizokuwa kibandani kwa fundi. Zitakazokosekana zinunuliwe Nairobi. Na mara tu baada ya sanduku kuanza kutumika kuna azimio hili: waimbaji waongeze siku ya mazoezi. Sababu iliyoandikwa ni kwamba makosa sasa yanasikika hadi nje. Amplifaya haichagui. Iliyo sawa inaikuza, na iliyopinda inaikuza vilevile.

Ndani ya kitabu cha pili kumebandikwa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni mchoro wa sanduku, kwa kalamu ya risasi, na thamani za rezista zimeandikwa pembeni. Mzee hakuuficha. Aliukabidhi kwa katibu wa wakati ule ili uwe mali ya kwaya. Kwa bahati mbaya, baada yake hakuna aliyejua kuusoma. Alipolala, sanduku nalo likanyamaza.

Tangu hapo tumenunua vyombo, na ni vyema. Lakini kila kimoja kinapoharibika tunakipeleka mjini na kungoja. Zipo Jumapili tulizoimba bila chombo chochote kwa sababu ya waya mmoja uliokatika, waya ambao kijana wa miaka 15 aliyefundishwa angeulehemu kwa dakika 10.

Kazi iliyo mbele yetu

Mwaka huu, kwa ruhusa ya kamati, vijana watatu wa kwaya walilifungua sanduku wakiwa na ule mchoro mezani. Transista zote zilikuwa nzima. Kilichokufa ni kapasita kubwa inayopeleka sauti kwa spika. Kapasita za aina hiyo zina majimaji ndani ambayo hukauka miaka ikipita. Waya mbili zilikuwa zimeliwa na kutu. Kapasita mpya ilipatikana Luthuli Avenue kwa bei isiyozidi ya soda chache.

Basi, siku ya jubilii, wimbo mmoja utapitia sanduku hili na ile pembe ya bati. Besi wametakiwa kusogea karibu na maikrofoni.

Sadaka ya jubilii itanunua mitambo mipya, na mimi naunga mkono. Ombi langu ni kwamba sehemu ndogo yake itengwe kwa darasa la Jumamosi, wasichana na wavulana, la kujifunza kulehemu, kusoma mchoro na kutengeneza amplifaya ndogo ya betri. Vifaa vyake ni vichache: transista nne, dayodi mbili, rezista na kapasita kadhaa, spika ya redio iliyokufa na kipande cha ubao. Waanze na betri, kwani volti 9 au 12 hazirushi mtu, wakati stima ya ukutani inaweza kuua. Waangalie pia wasiigusanishe ncha za betri ya gari, maana waya hushika moto mara moja. Na kila atakayemaliza kazi yake achore mchoro wake, aubandike katika kitabu cha kumbukumbu kando ya ule wa mzee.

Mchoro mmoja ulikaa miaka mingi bila msomaji. Tukiwa na wasomaji 10, kwaya hii haitanyamazishwa tena na waya mmoja.

Wenu katika huduma ya uimbaji,
Katibu wa Kwaya