Onja kwanza: munkoyo ya Kasenga na sake ya Wajapani

Ndugu zangu, wiki hii zamu ya kuandika imeniangukia, na ninaomba ruhusa niongelee kinywaji. Wale wasiokunywa pombe wasikimbie. Hiki ninachokitaka, kikiwa cha leo, hata mtoto anapewa.

Mwaka jana mwenzetu mmoja alirudi kutoka Japani, kule alikomaliza masomo yake. Alituletea chupa moja ya sake aliyoinunua kiwandani mwenyewe, katika mkoa wa Niigata. Tulikuwa watu saba nyumbani kwao, upande wa barabara ya Kasenga hapa Lubumbashi, na kila mmoja alipata kama vijiko vitatu. Watu saba, chupa moja, hesabu ni hiyo.

Akaanza kutuelezea. Ule mkoa peke yake una viwanda vya sake karibu 90, vingi ni vya familia. Mlangoni wananing'iniza mpira mkubwa uliotengenezwa kwa majani ya mti wa sugi. Ukiuona ungali kijani, ujue sake mpya imetoka. Ukigeuka kahawia, ujue ile sake imeshakaa. Unaingia, unapewa kikombe cheupe chenye duara mbili za buluu kwenye kitako, ili uangalie kama kinywaji kiko safi. Unaonja, unauliza mchele ni wa wapi, maji yanatoka mlima gani, punje imekobolewa kiasi gani. Ile wanayoita daiginjo, punje ya mchele inakobolewa hadi ibaki nusu yake ao chini ya hapo. Nusu nyingine imekwenda! Ukimaliza kuonja aina tatu ao nne, ndipo unatoa pesa.

Wenzangu walishangaa sana. "Ba Japonais beko mbali," mmoja akasema. "Sisi tunakunywaka tu."

Mimi nilinyamaza. Ladha ilikuwa bado kwenye ulimi, kama maji yaliyopita kwenye tunda, na akili yangu ilikuwa imeshafika Kasenga, kwenye uwanja wa nkambo wangu, mama ya mama.

Kwa wasiopajua, Kasenga iko kaskazini-mashariki ya Lubumbashi, kilomita zaidi ya 200, kwenye ukingo wa Luapula. Ng'ambo ya mto ni Zambia. Nkambo alikuwa anatengeneza munkoyo, na watu walikuwa wanakuja asubuhi na vikopo vyao. Hakuna aliyenunua bila kuonja. Angekukatalia. Alikuwa na mitungi mitatu chini ya kivuli, na maneno yalikuwa yaleyale kila siku: "Onja kwanza. Hii iko ya leo, batoto banakunywaka. Ile iko ya jana. Na ile ya pale iko ya juzi, ile iko ya bababa." Wavuvi waliotoka majini walikuwa wanauliza mzizi umechimbwa upande gani. Wengine walikuwa wanajua jibu kwa kuonja tu, ao walijidai kujua.

Sasa tuingie kwenye historia, maana ukurasa huu si wa hadithi za nkambo peke yake.

Pombe inahitaji sukari. Zabibu na ndizi zina sukari tayari, lakini mchele na mahindi vina wanga, na wanga hauchachi mpaka kitu fulani kiuvunje uwe sukari. Hapo ndipo watu wa dunia waliachana njia. Wazungu na Waafrika wengi waliotesha nafaka, wakapata kimea. Sehemu mbalimbali za dunia, Japani ya zamani ikiwemo, watu walitafuna nafaka mdomoni na kuitema chunguni, kwa sababu mate yanafanya kazi hiyo. Baadaye Wajapani wakashika kuvu, ile wanayoita koji. Wanaipanda juu ya mchele uliopikwa kwa mvuke, inavunja wanga, na chachu inageuza sukari kuwa pombe palepale, vyote viwili kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu sake inaweza kufika karibu asilimia 20 bila kupitishwa kwenye mtambo wowote.

Na sisi? Sisi tulichimba mzizi.

Unapika uji wa mahindi, unauacha upoe hadi uwe vuguvugu. Unachukua mizizi ya munkoyo iliyopondwa mpaka imekuwa nyuzi, unaitia ndani. Nilipokuwa mdogo niliona ni uchawi: uji uliokuwa mzito, mwiko unasimama, baada ya saa chache unakuwa mwepesi kama maji na unaanza kuwa mtamu, wakati hakuna aliyetia sukari. Baadaye nkambo alikuwa anatoa nyuzi na kuacha mtungi ulale. Wanasayansi wa Zambia na wa hapa kwetu wameupima ule mzizi, wakakuta una vimeng'enya vya kuvunja wanga, kazi ileile ya koji. Mimea yenyewe ni ya jamii ya maharage, ya makundi ya Rhynchosia, Eminia na Vigna. François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi hapa Lubumbashi, aliandika kitabu kizima juu ya vyakula vya pori letu la miombo, kikatoka mwaka 1997. Wanafunzi wa agronomia wanakijua. Sisi wa historia hatukifungui.

Kwa hiyo ukiniambia kwamba Mjapani yuko mbali, ninauliza: mbali kwenye nini? Kwenye ujuzi wa kugeuza wanga, mama wa Luapula na fundi wa Niigata walijibu swali moja, kila mmoja kwa kitu alichokikuta nyumbani. Tofauti ilikuja kwingine, na nilipoitafuta niliikuta kwenye sheria na kodi.

Tuanzie kwetu. Bonde la Luapula halikuwa kichaka kilichosahauliwa. Lilikuwa chini ya Mwata Kazembe, na Wareno walifika kwake wakitafuta njia ya kuunganisha bahari mbili: Lacerda mwaka 1798, halafu Monteiro na Gamitto mwaka 1831. Livingstone alifika mwaka 1867. Kisha mto ukagawanywa, upande huu wa Leopold, upande ule wa Waingereza, na watu wa ukoo mmoja wakajikuta na bendera mbili. Union Minière ikaundwa 1906, Elisabethville ikaanzishwa 1910, na mji wa shaba ukahitaji kula. Kasenga ikawa jiko lake. Wafanyabiashara wa Kigiriki walijenga pale, wakaleta mashua na barafu, na samaki wa Luapula na wa ziwa Mweru wakapakiwa kwenye malori kwenda kulisha wachimbaji. Walivua mpumbu hadi samaki huyo akapungua vibaya, miaka ya 1940 ilipokuwa inakwisha. Samaki wa Kasenga aliingia kwenye vitabu vya hesabu. Munkoyo ya Kasenga haikuingia popote.

Na pombe? Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umeshaweka mipaka kwa vileo vikali katika eneo kubwa la Afrika. Ule wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919 ukaenda mbali zaidi: ukakataza hata kutengeneza kileo chochote cha kuchemsha na kukamua katika maeneo hayo, na hata kuingiza mitambo yake. Ndiyo sababu lutuku, ile ya mahindi na mihogo, ilizaliwa ikijificha. Halafu miaka ya 1920 viwanda vya bia vya Wazungu vikafunguliwa, Léopoldville na Elisabethville pia. Bia ya chupa ikapata jina, picha, na kodi ya serikali. Simba tunaijua wote, sina haja ya kuwasimulia. Vya mama zetu, munkoyo na katubi, vikabaki bila jina la mtu wala la mahali. Havikuwa vikali kiasi cha kuogopwa na wenye mkataba, na serikali haikuona faida ya kuviandika.

Hapa nilitaka kumalizia kwa kusema: tazameni, Japani waliheshimu cha kwao, sisi tulidharau cha kwetu. Ingekuwa hotuba tamu. Lakini nilisoma kidogo zaidi, na ikaniharibikia.

Japani pia ilikuwa na mama zake. Mashambani kila nyumba ilikuwa inachachisha doburoku, pombe ya mchele isiyochujwa, nyeupe, nzito, ambayo kwa sura ingekaa vizuri kando ya munkoyo. Serikali ya Meiji ilihitaji pesa, pesa za kujenga jeshi na vita, na kodi ya pombe ilikuwa moja ya mifuko yake mikubwa. Mwaka 1899 ikapiga marufuku kabisa kutengeneza pombe nyumbani. Wakulima walitafutwa, mitungi ikavunjwa. Mwaka 1904 serikali hiyohiyo ikafungua taasisi ya utafiti wa pombe kusaidia viwanda vyenye leseni. Kwa hiyo ile chupa nzuri tuliyoigawana watu saba, yenye jina la mkoa na jina la mchele, ilijengwa pia juu ya jiko lililozimwa. Desemba 2024 UNESCO iliandika ujuzi wa sake ya koji kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Na pombe ya mchele ya nyumbani, Mjapani akiitengeneza leo bila leseni, bado ni kosa.

Rafiki yetu wa Niigata hakuwa ameyasikia hayo. Watalii hawaelezwi.

Basi sijui tena kama ninataka munkoyo ipate chupa. Ninasema kweli. Maheu ya kiwanda ya Zambia, Super Maheu ya Trade Kings, imeshafika kwenye maduka yetu ya Lubumbashi, na watoto wa dada yangu wanaipenda kuliko ya nkambo. Kuna mradi wa barabara ya kutoka Kasomeno kupitia Kasenga, na daraja juu ya Luapula limo ndani yake. Siku malori yatakapopita, kitu fulani kitauzwa pale Kasenga kwa jina fulani. Leseni ikija, ataipata nani? Mwenye mashine, ao mwenye mitungi mitatu chini ya kivuli?

Nitawaambia na aibu yangu, maana wengine wenu mlikuwepo. Mwaka wa kwanza wa universite, tulipoulizwa kazi za wazazi na za walezi, nilisema nkambo wangu ni mkulima. Alikuwa hana shamba. Pesa za masomo yangu, toka sekondari, zilitoka kwenye ile mitungi, franga kwa franga, zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa. Baadaye nilitaka kuandika TFC yangu juu ya munkoyo, na mwalimu mmoja akacheka: hiyo si historia, hiyo ni jikoni. Nikageuza mada. Niliandika juu ya reli, kama watu wengine mia.

Siku chache baada ya ile chupa nilipanda gari kwenda Kasenga. Nkambo hapiki tena, magoti yamekataa. Anapika mama mdogo, na mizizi hawachimbi tena nyuma ya nyumba kama zamani. Wananunua mafungu kutoka kwa vijana wanaokwenda mbali porini, kwa baiskeli, na fungu limekuwa dogo na bei kubwa. Nilimweleza nkambo habari ya Wajapani, mpira wa majani mlangoni, kikombe cha duara za buluu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na beye, bananunuaka bila kuonja?" akaniuliza.

"Hapana, nkambo. Banaonja kwanza."

"Ah. Basi beko bantu."

Nilitoa daftari. Nikamwomba aseme majina ya mizizi anayoijua, mmoja mmoja, na upande inakoota, na ule ambao hauwezi kuchanganywa na mwingine. Alitaja mitano kabla ya usingizi kumchukua. Kesho yake asubuhi mama mdogo aliniwekea bidoni ya lita tano ya jana, nikataka kulipa. Akanitazama, akanipa kikopo.

"Onja kwanza," akasema.