Safari: neno lisilo na simba ndani yake

Tafuta "safari Voi" kwenye intaneti. Utaletewa simba, tembo na hoteli. Ni kweli lango la Tsavo Mashariki liko hapa Voi, na hifadhi ya Tsavo ilianzishwa 1948. Lakini neno lenyewe halina mnyama.

Mzizi wake ni Kiarabu, safar, yaani kwenda mbali na kwako. Waturuki husema sefer, wasemaji wa Kiurdu na Kihindi safar. Sisi tukazaa safari, msafiri, msafara. Misafara ya pwani ilipita nchi ya Wataita ikielekea bara. Waingereza walilichukua neno kwetu karne ya 19, na karne ya 20 wakalibana: uwindaji, kisha utalii.

Tarehe 7 Januari 2003, Steve Jobs alitangaza kivinjari cha Apple kiitwacho Safari. Nembo yake? Dira, wala si simba!

Kwa hiyo, waandishi wa programu wenzangu, mama anayepanda matatu Mwatate kwenda Voi sokoni yuko safarini. Akiuliza nauli, mashine ikamletea tembo, basi mashine hiyo haijajua Kiswahili. Tuifundishe sisi, au nani?