Dakika Kabla ya Kuruka

Anayepanda matatu Keroka alfajiri kwenda Nairobi anazijua dakika za stendi. Makanga anakagua magurudumu, dereva anajaribu breki, mizigo inafungwa upya kwenye keria. Gari halijaenda popote, lakini usalama wa safari nzima umeanza kuamuliwa pale. Ndege ya abiria nayo ina dakika zake za stendi: zile inapotembea polepole kwa magurudumu kutoka ilipopakia watu hadi mwanzo wa njia ya kurukia.

Sisi wa Kisii na Nyamira hatuna uwanja wa ndege kubwa. Kiwanja cha Suneka ni cha ndege ndogo na helikopta, na wengi wetu tukitaka ndege ya abiria huteremka hadi Kisumu. Kwa hiyo kisa cha ajali iliyoanzia katika dakika hizo lazima tukifuate mpaka Embakasi, Nairobi.

Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958, baada ya mahabusu wa Mau Mau kutumikishwa kuujenga. Jasho lao halistahili kusahauliwa kila uwanja huo unapotajwa. Uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na vilima vyetu vya Gusii. Kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi, na ndege huhitaji mwendo mkubwa zaidi ili mabawa yabebe uzito ule ule.

Jumatano ya tarehe 20 Novemba 1974, Boeing 747 ya shirika la Ujerumani la Lufthansa ilikuwa Embakasi, ikitoka Frankfurt kwenda Johannesburg. Ndani yake walikuwemo watu 157. Ikaanza kutembea kuelekea njia ya kurukia, na marubani wakawa wanasoma orodha yao ya ukaguzi, kama ilivyo desturi.

Hapa tutulie kidogo, maana siri ya msiba imelala hapa. Bawa la 747 lina vibawa vya nyuma na vya mbele, vinavyofunguliwa kabla ya kuruka ili bawa lipate nguvu ya kuinua ndege ikiwa bado na mwendo mdogo. Vya nyuma husukumwa na mafuta yenye shinikizo. Vya mbele husukumwa na hewa inayotoka kwenye injini. Siku hiyo mfumo wa hewa haukuwa umefunguliwa. Marubani walipoagiza vibawa, vya nyuma vilitoka, vya mbele vikabaki vimejikunja. Orodha ikasomwa, ila haikutimizwa ipasavyo, na hakikuwepo king'ora cha kuwazuia kwa kosa la aina hiyo. Ndege ikafika mwanzo wa njia ikiwa tayari na kasoro yake.

Saa moja na dakika 54 asubuhi ikaacha lami. Mara ikaanza kutetemeka. Rubani akadhani ni magurudumu yanayoyumba, akaamuru yakunjwe. Dhana hiyo si ya kulaumiwa. Nani angewaza kuhusu vibawa vilivyodhaniwa kuwa vimekwisha kukaguliwa? Ndege haikupanda. Ilishuka, ikagusa ardhi zaidi ya kilomita moja baada ya mwisho wa njia, ikagonga tuta la barabara, ikavunjika na kuwaka moto. Watu 59 walikufa na 98 wakaokoka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ndege ya 747 kuanguka na kuua.

Uchunguzi ulifanywa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule. Ulitaja kosa la wafanyakazi wa ndege, lakini haukuishia hapo: ulitaja pia ukosefu wa onyo ndani ya chumba cha marubani. Kwangu mimi huo ndio uzito wa ripoti ile. Marubani wa 747 nyingine walikuwa wamewahi kuruka na kosa hilo hilo wakanusurika, na onyo lilipaswa kuwa limefungwa katika kila ndege ya aina hiyo kabla ya asubuhi ile ya Embakasi. Baada ya ajali, Boeing iliongeza mfumo wa kuwaonya marubani vibawa vya mbele visipotoka.

Lakini ndege inayotembea ardhini hukabiliwa pia na hatari ya kukutana na nyingine. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ukungu ulifunika uwanja uliojaa ndege zilizoelekezwa huko kwa dharura. Njia za pembeni zilikuwa zimezibwa na ndege zilizoegeshwa, ikabidi zinazoondoka zipite kwenye njia ya kurukia yenyewe. 747 ya Pan Am ilikuwa bado inatembea humo pale 747 ya KLM ilipoanza kukimbia ili iruke, bila ruhusa ya mnara. Watu 583 walikufa. Wengi wa abiria wa Pan Am waliangamia katika ndege ambayo ilikuwa bado inatafuta njia ya kutokea.

Basi, ndugu msafiri utakayeteremka Kisumu kupanda ndege, usisimame kutafuta mkoba wakati ndege inatembea. Keti, funga mkanda, nyamaza usikilize maelezo ya mhudumu kuhusu milango ya dharura. Na ukitua salama, uache mkanda umefungwa mpaka ndege isimame kabisa.