Madhehebu, Dhahabu na Kisu cha Mchinjaji: Historia ya Mashauriano ya Dini Mbozi na Tunduma

Kata ya Igamba, iliyo katika wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, ni nchi ya Wanyiha na ya kahawa, na mgeni akiuliza ni dini gani iliyotamalaki huko atajibiwa pasipo kusita kwamba ni Ukristo, na aghlabu ule wa Kanisa la Moravian. Lakini jibu hilo, ijapokuwa ni sahihi, huificha habari ndefu ya watu wa imani mbalimbali ambao kwa zaidi ya miaka mia moja na thelathini wamekuwa wakijifunza, taratibu na mara nyingine kwa shingo upande, namna ya kukaa katika baraza moja. Habari hiyo haikuanza kwa mapenzi. Ilianza kwa kugawana nchi.

Mwaka 1891 jamaa mbili za wamisionari wa Kijerumani zilifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa, wa Moravian wakiongozwa na Theodor Meyer, wakajenga Rungwe, na wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky. Na kwa kuwa wote walikuwa Waprotestanti wa taifa moja, na hawakutaka kugombania waongofu, walikubaliana kwamba Mto Mbaka uwe mpaka wao, hawa huku na wale kule, kana kwamba Mwenyezi Mungu naye alihitaji kupimiwa shamba. Wamoravian wakaelekea magharibi, na ilipofika mwaka 1899 walikuwa wamekwisha kuweka kituo Mbozi, katikati ya Wanyiha, ilhali Mapadre Weupe wa Kikatoliki walikuja kutokea upande wa Ufipa na kufanya makao yao Galula, katika bonde la Songwe. Waislamu walikuwa wametangulia wote hao, maana njia za misafara ya pembe na watumwa zilipita katika nchi hizo kuelekea Karonga. Lakini walipita kama wachuuzi, si kama walimu, na jina lililovuma kuliko mengine lilikuwa la Mlozi, mfanyabiashara wa Karonga aliyepigana na Waingereza kwa miaka kadhaa hata akakamatwa na kunyongwa mwezi Desemba 1895. Si kosa, nadhani, kusema kwamba kivuli cha Mlozi kiliwaangukia Waislamu wengi wasio na hatia yoyote, kwa kuwa wamisionari waliozoea kuunganisha kanzu na mnyororo hawakuona haja ya kumuuliza mwenye kanzu habari za imani yake.

Hata hivyo palikuwapo mtu mmoja Mbozi aliyejifunza kuuliza, naye ni Traugott Bachmann, aliyefika Unyakyusa mwaka 1892 na kisha akakaa kwa Wanyiha hadi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Alikuja akiwa na itikadi ile ile ya wenzake, kwamba mila za wenyeji ni giza tupu na kazi ya mwalimu ni kuzifuta. Lakini kadiri alivyozidi kukisikia Kinyiha, akakiandika na kukitafsiria Agano Jipya lililochapwa mwaka 1913, ndivyo alivyozidi kuona kwamba wazee aliokuwa akiwahubiria walikuwa na sheria zao, heshima zao na maarifa yao juu ya Mungu, na kwamba baadhi ya mambo aliyoyalaani hakuwa ameyafahamu. Jambo lililowashtua wakubwa wake lilikuwa la ndoa: Bachmann alifikia kauli kwamba mume mwenye wake wengi akiongoka asilazimishwe kuwafukuza wakeze ndipo abatizwe, maana mke aliyefukuzwa hana kosa, na kumdhulumu yeye ili kumtakasa mumewe si haki. Wapo watakaosema hayo ni ya ndani ya kanisa na hayahusiani na mashauriano ya dini mbili. Mimi nayahesabu kuwa ndiyo mwanzo wake katika nchi hii, kwa sababu ndipo mwalimu wa dini mpya alipokubali kusikiliza hoja ya dini ya kale, na hoja aliyoisikiliza haikuwa ya Utatu wala ya ufufuo, bali ya mwanamke na watoto wake kuachwa bila makao.

Vita vilipokuja, Wajerumani walikamatwa mwaka 1916 na misheni zao zikawekwa chini ya uangalizi wa Waskoti wa Livingstonia, upande wa Nyasa. Kwa raia, vita vilikuwa na jina lingine: tengatenga, yaani uchukuzi wa mizigo ya jeshi, uliowala vijana wa pande zote mbili za mpaka wa Wajerumani na Waingereza kwa njaa na maradhi. Hapo ndipo katika nchi ya Wamambwe na Wanamwanga, jirani kabisa na Tunduma, lilipozuka hubiri la Hanoc Sindano na wafuasi wa Watchtower, waliotangaza kwamba siku za serikali za wazungu zimehesabiwa na kwamba haiwapasi watu kuendelea kutumikishwa. Na serikali ilipowatia mbaroni, wamisionari wa makanisa yaliyokwisha kukubalika walisimama upande wa serikali. Tukio hilo halitajwi sana katika sherehe za makanisa, na sababu yake haifichiki. Lakini mwenye kuandika historia ya dini na haki katika mpaka huu hawezi kuliruka, maana sauti ya kwanza iliyodai insafu kwa jina la Mungu haikutoka mimbarini, ilitoka kwa watu walioitwa waasi wa dini na wa dola kwa pamoja.

Kisha ikaja dhahabu. Mwaka 1922 iligunduliwa Lupa, katika nchi ya Chunya, na katika miaka ya 1930 wachimbaji wa kizungu na maelfu ya vibarua wa Kiafrika walijaa huko. Vijana wa Nyanda za Juu wakaenda kutafuta fedha ya kodi na ya mahari, wakakuta kambini watu wa kila kabila na kila madhehebu. Nyumbani kila misheni ilikuwa na nchi yake, ila kambini hapakuwa na Mto Mbaka. Hata hivyo wakuu wa dini walichelewa sana kuwafuata wafuasi wao katika jambo hilo: Waprotestanti waliunda baraza lao mwaka 1934, ambalo baadaye likawa Jumuiya ya Kikristo, yaani CCT, na Wamoravian wamo ndani yake, maaskofu wa Kikatoliki wakawa na baraza lao, TEC, mwaka 1956, na Waislamu wakapata baraza lao, BAKWATA, katika mkutano wa Iringa wa Desemba 1968, huku jumuiya ya awali ya EAMWS ikivunjwa na serikali, jambo ambalo baadhi ya Waislamu hawakulisamehe. Mabaraza hayo matatu yaliheshimiana na kutumiana salamu za sikukuu. Mwalimu Nyerere, mwenyewe Mkatoliki, alipowaambia masista wa Maryknoll huko New York mwezi Oktoba 1970 kwamba kanisa lisilopambana na mifumo inayowaweka watu katika ufukara halitakuwa na maana kwa mwanadamu, alilisema kanisa lake. Suala la mashekhe na maaskofu kulifanya jambo hilo kwa pamoja lilikuwa bado halijazaliwa.

Na lilikaribia kutozaliwa kabisa, kwani miaka ya 1990 haikuwa miaka ya upole. Mwaka 1992 serikali ilitia saini makubaliano na makanisa juu ya huduma za afya na elimu, na Waislamu wengi wakauliza kwa nini hazina ya taifa isaidie shule na hospitali za upande mmoja; mwaka uliofuata mabucha ya nguruwe yalishambuliwa Dar es Salaam, na mwaka 1998 risasi za polisi ziliua watu penye msikiti wa Mwembechai. Wakati huo huo, pasipo kelele, Bunge lilipitisha Sheria ya Madini ya 1998, iliyoweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 3 na kuwapa wawekezaji wa kigeni misamaha mikubwa ya kodi.

Ni sheria hiyo, si aya wala sura, iliyowakusanya. Migodi mikubwa ilifunguliwa kandokando ya Ziwa Victoria, malalamiko ya waliohamishwa na ya wachimbaji wadogo yakafika makanisani na misikitini kabla hayajafika mahakamani, na mwaka 2007 habari ya mkataba wa Buzwagi, uliotiwa saini London, ikalitikisa Bunge hata mbunge aliyelizusha suala hilo, Zitto Kabwe, akasimamishwa. Mwezi Machi 2008, wakati kamati ya Jaji Mark Bomani iliyoteuliwa na Rais Kikwete ilikuwa ikiendelea na kazi yake, CCT, TEC na BAKWATA zilitoa kwa pamoja ripoti iliyoandikwa na Mark Curtis na Tundu Lissu, yenye kuonyesha jinsi taifa lilivyokuwa likiambulia kidogo katika dhahabu yake lenyewe. Msomaji wa leo, aliyezoea kuona viongozi wa dini wakipiga picha pamoja, huenda asione ajabu yake. Ajabu yake ni hii: maandishi yale hayakuwa risala ya amani, hayakuwa na dua ndani yake wala wito wa kupendana, yalikuwa hesabu za mrabaha, kodi ya mapato na misamaha, na majina ya mabaraza matatu yamepangwa juu ya jalada moja. Askofu aliyekuwa akibishana na shekhe juu ya Mahakama ya Kadhi, mjadala uliokuwa umepamba moto wakati ule ule, aliweza kukubaliana naye kwamba asilimia 3 ni dhuluma.

Na hesabu zina tabia ya kusikilizwa. Sheria ya Madini ya 2010 ilipandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 4, ukipigwa juu ya thamani ghafi badala ya thamani iliyokwisha kupunguzwa gharama. Mwaka 2012 mabaraza yale yakatoa ripoti ya pili, juu ya dola bilioni moja ambazo nchi huzipoteza katika kodi. Na mwaka 2017 mrabaha ukafika asilimia 6, na serikali ikajipatia hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi. Singependa kudai kwamba viongozi wa dini ndio walioyaleta hayo peke yao, maana Bunge, vyama na siasa za wakati huo zilikuwa na sehemu kubwa zaidi. Lakini walilisema mapema, tena kwa sauti moja. Mgodi wa New Luika, uliofunguliwa mwaka 2012 katika sehemu ya eneo la kale la Lupa ambayo sasa imo katika mkoa wa Songwe, unalipa mrabaha kwa kiwango ambacho kibarua wa miaka ya 1930 asingekidhania.

Sasa tuingie Tunduma, mji wa mpakani ambako malori hupanga foleni kuingia Zambia, na ambako biashara, tofauti na mashamba ya Igamba, imewakusanya Waislamu na Wakristo wa kila asili katika mitaa ile ile. Mwanzoni mwa Aprili 2013, wiki chache tu baada ya mchungaji mmoja kuuawa Buseresere, mkoani Geita, katika ugomvi juu ya uchinjaji, vurugu za jambo hilo hilo zililipuka Tunduma: vijana wa Kikristo wakadai haki ya kuchinja ng'ombe wa bucha na kula nyama iliyochinjwa na Mkristo, Waislamu wakashikilia desturi ya miaka mingi kwamba nyama ya kuuzwa kwa watu wote huchinjwa na Mwislamu ili kila mtu apate kuila, polisi wakarusha mabomu ya machozi na shughuli za mji zikasimama. Si kwamba Mkristo alikuwa hajui tangu zamani nani anashika kisu. Alijua, na baba yake alijua, na kwa muda mrefu hakuna aliyeona dhara. Kilichobadilika ni kwamba heshima ya jirani ilikwisha kugeuka kuwa daraja la ubora, kwa macho ya mmoja, na nguzo ya dini iliyotikiswa, kwa macho ya mwingine, na hapakuwapo baraza la mtaani lililokuwa limezoea kulizungumza jambo hilo kabla halijachemka.

Hapo ndipo penye kasoro ya habari hii yote. Miaka mitano tu ilipita baina ya ripoti ya dhahabu na vurugu za nyama. Mabaraza yale yale yaliyokubaliana Dar es Salaam juu ya mapato ya migodi hayakuwa yamefika mabuchani Tunduma. Maelewano ya wakuu yalishuka hadi waraka, waraka ukafika ofisini, na ofisini ukaishia. Baada ya mwaka ule kamati za amani za viongozi wa dini zimeenea mikoani na wilayani, mashekhe, mapadre na wachungaji wakiitwa kukutana, aghlabu kwa mwaliko wa wakuu wa serikali na aghlabu uchaguzi unapokaribia au fujo zinapohofiwa. Zina kazi njema, na mtu aliyeshuhudia mji ukifungwa kwa sababu ya nyama hatazibeza. Ila hubeba mazoea ya kuzungumza amani tu, jambo ambalo kila mtu amekwisha kulikubali, na kuyaacha kando mambo ambayo ndiyo yaliyowahi kuwaunganisha kweli: ujira, kodi, ardhi.

Kwa mkulima wa Igamba, ambaye kanisa lake limo ndani ya CCT na kwa hiyo jina lake, apende asipende, limo katika ripoti ya 2008, jambo la namna hiyo lipo mlangoni: ni bei ya kahawa yake mnadani, na makato anayokatwa kabla fedha haijamfikia. Mkulima wa Kiislamu naye hukatwa vivyo hivyo, kilo kwa kilo. Mrabaha wa dhahabu umepanda mara mbili kwa sheria tangu viongozi wao walipokaa meza moja. Makato ya kahawa bado hayajapata ripoti yenye majina matatu juu ya jalada lake, na suala la nani achinje ng'ombe wa bucha limeachwa kwa desturi, kama lilivyokuwa kabla ya Aprili 2013.