Mlango wa Watu Wazima katika Ilmu ya Sheria

Kabla ya Oktoba 1961, Mtanganyika aliyetamani uwakili hakuwa na budi kuvuka bahari, aghalabu kwenda London. Na kwa mtu wa Mbangala, katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Songwe, safari hiyo haikuingia hata katika ndoto. Mwezi huo chuo kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 15, miongoni mwao Julie Manning, mwanamke pekee, ambaye baadaye alikuwa jaji na waziri wa sheria.

Hao walikuwa wachache waliobahatika kufika chuoni. Lakini Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963, ilipoondoa mabaraza ya machifu na kusimamisha mahakama za mwanzo, ilizalisha jamii nyingine ya watu wa sheria: mahakimu na makarani wa vijijini waliosikiliza mashauri ya mipaka, mahari na mifugo mwaka baada ya mwaka pasina shahada. Kwa ajili ya watu wa namna yao uliwekwa mtihani wa kuingilia kwa umri mkubwa, na Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka mtu atumike kwanza kazini ndipo aende chuo kikuu, likaupanua mlango huo. Naamini kwa dhati kwamba ulikuwa miongoni mwa milango ya insafu kubwa kuliko yote iliyopata kufunguliwa katika elimu yetu.

Matayarisho ya mtihani huo hayakuwa mepesi. Mtahiniwa alikabili karatasi mbili, moja ya kupima akili na maarifa ya jumla, ya pili ya fani aliyoikusudia. Na ilhali shauri alilisikiliza kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi alasiri, na hukumu akaiandika kwa Kiswahili, mtihani ulimtaka afikiri na kujieleza kwa Kiingereza. Kwa hiyo usiku, kando ya kibatari, ibara ya Kanuni ya Adhabu ilisomwa, ikafungwa, ikaandikwa upya bila kuangaliwa, kisha ikalinganishwa na asili yake neno kwa neno. Vitabu vilikuwa nadra, na masomo ya posta ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima yalitoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Tunduma, katika Songwe hiyo hiyo.

Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, kiliwapunguzia wengi safari. Ama lugha iliyowataabisha watahiniwa wale, haikuondolewa enzi yake katika mahakama za juu mpaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote.