Irabu Moja Katika Damu

Neno selimundu limeungwa kwa maneno mawili, seli na mundu, nasi walimu hulitamka bila kukumbuka historia iliyomo ndani yake. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alieleza chembe nyekundu za damu zilizopinda mfano wa mundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walithibitisha kwamba kasoro imo katika himoglobini, protini inayochukua oksijeni. Kisha Vernon Ingram, huko Cambridge, akabainisha mwaka 1957 kuwa kiungo kimoja tu cha protini hiyo kimegeuka: penye asidi glutamiki pamekaa valini. Tutazame "bata" na "bati": irabu moja yatosha kubadili maana. Oksijeni ipunguapo, himoglobini hiyo hushikamana, chembe zikapinda na kuziba mishipa midogo.

Awali kidogo, mwaka 1954, Anthony Allison alionyesha kwa uchunguzi wa Afrika Mashariki kwamba aliyerithi kasoro kwa mzazi mmoja hukingika kiasi na malaria. Mgonjwa hurithi kwa wazazi wote wawili. Basi tusikubali mama alaumiwe peke yake, wala jirani asingiziwe uchawi.