Nyumba za Muda

Keja yangu Kibra ni udongo uliokandikwa kwenye fito, juu mabati. Karo ya chuo iliponishinda, hiyo ndiyo niliyoweza. Mvua ya Aprili ikabomoa kona moja, nikamuuliza mwenye nyumba, nyanya wa Kinubi, mbona hajengi kwa mawe.

"Mjukuu wangu," akasema, "baba yangu alikatazwa."

Nilidhani ni stori tu za wazee. Nikaanza kusoma.

Wanubi walikuja kama askari wa King's African Rifles, asili yao Sudan. Waingereza waliwaacha wakae hapa mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 zaidi ya ekari 4,000 zikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi. Hati hawakupewa. Tume ya Carter ya miaka ya 1930 ikasema hao ni wapangaji tu wa Serikali ya Mfalme, yaani wanaweza kuondolewa wakati wowote. Nyumba ya kudumu wakanyimwa ruhusa. Mimi naisoma hivi: ukibomoa nyumba ya mawe, mtu atadai fidia. Udongo unaubomoa asubuhi, jioni umesahau.

(Mwafrika mwenyewe alihitaji kipande kuwa mjini. Ungempangia nyumba ya nini?)

Nilitarajia uhuru ubadilishe mambo. Wapi! Ardhi ikabaki ya serikali, na miaka ya 1970 watawala wa mkoa wakawa wanawaruhusu watu wao kujenga vyumba vya kupangisha, mradi viwe vya muda. Ndiyo maana tuna safu na safu za vyumba vya muda vilivyodumu kuliko maghorofa mengi ya mjini. Huku ardhi nyingine ikimegwa kujenga mitaa rasmi: Jamhuri, Ngei, Ayany. Na jirani yetu, uwanja wa Royal Nairobi Golf Club, upo tangu 1906. Sijasikia mtu akiambia zile nyasi kwamba ni za muda.

Mwaka 2017 jamii ya Wanubi ilipewa hati ya ekari 288. Kati ya zaidi ya 4,000! Niliposoma hesabu hiyo kwa sauti, nyanya hakuinua kichwa. Alikuwa anapepeta mchele.

Jumamosi tulikandika ile kona. Yeye alimwaga maji, mimi nikakanyaga udongo kwa miguu. Akaniuliza kama hicho chuo changu kilifundisha hata hii. Nikasema hapana. Kodi ya mwezi huo akanipunguzia mia tano.